Waya Mahali pa Fyuzi

Walimwita Kiberiti, na jina hilo hakulipata kwa kuvuta sigara. Alilipata katika duka la kutengeneza vyombo vya umeme alikofanya kazi miaka saba, kwa sababu ilitosha kumgusa kidogo tu akawaka. Mteja akileta redio inayochuruzika maji na kuapa kwamba imezimika yenyewe, Kiberiti aliiweka mezani taratibu, akavua miwani, akamuuliza kama redio hiyo ilikwenda kuoga peke yake. Wengine walicheka. Wengine walikwenda kumshtaki kwa mwenye duka. Lakini wote walirudi, maana kwa mkono wa kazi mwanamke yule hakuwa na mpinzani.

Wakati wa mambo haya alikuwa amekwisha kuachana na duka lile, mwaka wa pili sasa. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga na mumewe: meza moja ndefu chini ya dirisha, rafu za mbao zilizojaa matumbo ya mashine, na kwenye kona jokofu bovu alilolifanya kabati. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana siku tano kwa mwezi. Aliyekuwa naye kila siku ni mama mkwe, bibi mwembamba aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango akifuma vitambaa na kuwapokea wateja kama mganga mkuu.

"Una nini?" angemuuliza anayeingia.

"Mimi sina kitu, mama. Ni feni yangu."

"Haya, feni yako inaumwa wapi?"

Jumanne moja asubuhi iliingia harufu kabla ya mtu. Harufu ya plastiki iliyoungua. Nyuma yake akaingia fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamume mpole wa makamo, aliyefiwa na mkewe, mwenye mabinti wawili. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi juu ya kifundo. Kwa mkono wa kushoto alibeba mfuko wa kitambaa, akauweka mezani na kurudi nyuma hatua mbili, kana kwamba mle ndani mna nyoka.

Kiberiti akaufungua. Ilikuwa mashine ya gemu, ile ya kuunganisha na televisheni. Pembe moja ya ganda lake ilikuwa imeyeyuka na kulegea kama mshumaa.

"Imekuwaje?"

"Jumapili mchana," alisema fundi cherehani. "Wanangu walikuwa wanacheza. Mimi niko kwenye cherehani chumba hichohicho, namalizia suti. Nikasikia tap! Kutazama, moshi unatoka kwenye matundu. Kabla sijafika, moto umeshadaka pazia."

"Ukauzimaje?" aliuliza mama mkwe kutoka mlangoni.

"Kwa kilichokuwa mkononi, mama. Kwa suti."

"Suti ya nani?"

"Ya bwana harusi."

"Ehe! Naye amesema nini?"

"Bado anasema."

Mama mkwe alitaka kucheka, lakini aliiona ile bandeji, akaurudisha uso kwenye kitambaa chake. Fundi cherehani akamgeukia Kiberiti. "Fundi, sikuja uitengeneze. Watoto hawataki hata kuiona. Nimekuja uniambie kwa nini. Kama ni kosa langu, nilijue. Kama kuna mtu, nimjue."

Kiberiti akavaa miwani. Ombi lile alilipenda. Watu wengi walileta vitu vyao wakitaka viwake tu, wala hawakujali vilikufa kwa nini.

Alifungua skrubu moja baada ya nyingine, akazipanga ndani ya kifuniko cha kopo kwa mpangilio zilivyotoka. Akatoa feni, akatoa kipande cha kugeuza umeme, akakipima peke yake. Kilikuwa kizima, kinatoa volti zake kumi na mbili bila kutetereka. "Siyo hiki," alisema. Akaiinua bodi, ile sahani ya kijani yenye njia za shaba, akaiweka chini ya taa. Upande mmoja ulikuwa mweusi tititi. Akagusisha ncha za mita ya kupimia umeme pale umeme unapoingilia, mita ikalia piii bila kukatika.

"Unasikia? Maana yake umeme ukiingia hapa haufanyi kazi yoyote, unapita njia ya mkato. Sasa tumtafute aliyefungua hiyo njia."

Alisugua masizi kwa mswaki na spiriti. Kisha akaipaka bodi nzima spiriti kidogo, ikang'aa kama iliyonyeshewa, akaingiza umeme mdogo sana na kukaa akitazama bila kupepesa. Fundi cherehani naye akasogea, akasahau kuogopa. Spiriti ilikauka taratibu kila mahali, isipokuwa sehemu moja. Pale ilikauka mara moja, kama tone la maji juu ya kikaango.

"Huyu hapa," alisema Kiberiti, akinyooshea kibanio kidude kidogo kama punje ya mchele. "Inaitwa kapasita. Imekufa. Lakini kapasita hufa, kaka, si ajabu. Huchoka, au umeme huja na kishindo ikapasuka. Ndiyo maana waliotengeneza mashine wakaweka fyuzi. Fyuzi kazi yake ni moja tu, kufa kwanza. Kapasita ikiharibika fyuzi inakatika, mashine inazima kimya, wewe unaniletea Jumatatu tunacheka. Sasa yako mbona haiku..."

Hakumaliza. Alikuwa ameikaribisha lenzi. Mahali pa fyuzi hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na waya: nyuzi tatu nyembamba za shaba zimesokotwa pamoja na kulehemiwa kutoka ncha hadi ncha, nadhifu kabisa, kana kwamba ndipo mahali pake.

Damu ilimpanda hadi masikioni. Alikitupa kibanio mezani kikaruka na kuangukia nyuma ya rafu.

"Muuaji!" alisema. "Ameweka waya mahali pa fyuzi! Mtu ana akili zake timamu, ana macho mawili, anaondoa kitu kinacholinda nyumba ya watu, anaweka waya! Waya haukatiki, kaka. Waya unapitisha tu, unapitisha mpaka kitu kiungue. Watoto walikuwa wamekaa umbali gani?"

"Hapa na hapo," alisema fundi cherehani, akionyesha kutoka meza hadi kiti.

"Nani aliwahi kuishika mashine hii?"

"Mara moja tu, miaka mitatu iliyopita, ilipokataa kuwaka. Niliipeleka kwa Mhandisi."

Hapo ndipo palipomwagika petroli. Mhandisi ndiye mwenye lile duka la zamani. Uhandisi wake ulikuwa koti jeupe alilolinunua kwenye duka la vifaa vya hospitali. Huyo ndiye aliyewaambia wateja kwamba televisheni zao zimekufa, kisha akaziuza zimepona. Kiberiti aligombana naye kwa jambo hilo siku ya mwisho hadi akarusha bisibisi ukutani, akachukua mkoba wake na kutoka. Sasa aliizungushia bodi kitambaa, akaikumbatia kifuani. "Twende."

"Fundi, pengine tungempigia simu kwanza..."

"Twende, nimesema!"

"Vaa viatu, mkamwana," alisema mama mkwe. Lakini Kiberiti alikuwa tayari barabarani, na ndala zake za chumbani, fundi cherehani akimfuata nyuma kama mtu aliyefungua bomba na sasa hajui kulifunga.

Dukani kwa Mhandisi palikuwa na wateja wanne mbele ya kaunta ya kioo, na mafundi wawili nyuma, vichwa vimeinamia kazi. Juu ya mlango kulikuwa na kibao kilekile: TUNATENGENEZA KILA KITU. Kiberiti aliwapita wateja bila salamu na kuibwaga bodi juu ya kioo.

"Tazama kazi yako!"

Mhandisi aliitazama bodi, kisha akamtazama yeye, kisha ndala. "Karibu, dada. Siku nyingi."

"Usinikaribishe! Jamani, sikilizeni, hasa nyinyi mliokuja na vitu vyenu. Mtu huyu hapa anaitwa Mhandisi. Mashine hii ilitengenezwa dukani humu. Mahali pa fyuzi pamewekwa waya. Jumapili imewaka moto, watoto wawili wapo sebuleni. Mwoneni baba yao, mwoneni mkono wake! Huyu ni mshonaji. Anakula kwa mkono huo!"

Mama mmoja aliyekuwa na pasi mkononi akaivuta kutoka kwenye kaunta na kuikumbatia. Mafundi kule nyuma waliacha kazi. Kiberiti aliendelea, maneno yanatoka kama mawe, akataja televisheni zilizofufuka, akataja koti jeupe lilikonunuliwa, hadi mate yakamkauka.

Mhandisi alimwacha amalize. Kisha akavuta droo, akatoa lenzi yake, akainama juu ya bodi. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyua uso alikuwa anatabasamu.

"Kazi safi," alisema Mhandisi. "Risasi ya kulehemia haikumwagika. Lakini niambie, Kiberiti, wewe mwenye macho. Waya huu umesokotwa kuelekea wapi?"

Mhandisi aliugusa waya kwa ncha ya kalamu.

"Umesokotwa kushoto. Mimi nasokota kulia. Hawa wawili wanasokota kulia. Katika duka hili, toka nilifungue, nani alikuwa anashika kazi kwa mkono wa kushoto?"

Alimsogezea lenzi. Kiberiti akainama, ingawa hakuhitaji kutazama. Kule nyumbani hasira ilimziba, akauona waya asiuone mkono. Sasa aliuona. Nyuzi tatu, mizunguko minne, ncha zimekunjwa ndani kidogo zisichome kidole. Hakuna mtu mwingine aliyekunja ncha namna ile.

Na siku yenyewe ikamrudia. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, fyuzi zimekwisha. Alisema, "Fyuzi za hii hakuna." Mhandisi alijibu bila kugeuka, "Weka waya, mteja anasubiri. Zikija Jumatatu tutamwita." Akaweka. Jumatatu fyuzi zilikuja, ndani ya bahasha ndogo ya kahawia, wala hakuna aliyemwita mtu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alipojitahidi kukumbuka alivyojisikia Ijumaa ile, hakukumbuka chochote. Alikuwa na njaa. Alitaka kwenda nyumbani.

"Ni mimi," alisema.

"Mmesikia wenyewe," Mhandisi aliwaambia wateja. "Kiberiti kweli."

"Wewe ndiye uliyeniambia niweke!"

"Nilikuambia. Sikatai." Mhandisi aliegemea kaunta na kushusha sauti, na kwa mara ya kwanza hakuwa anawachezea wateja. "Lakini dada yangu, mimi nimekuambia mangapi humu ndani ukayakataa? Ulikataa kufagia. Ulikataa kumwita mteja bosi. Ulinirushia bisibisi kwa ajili ya televisheni ya mtu usiyemjua. Hili la waya, mbona hukulikataa?"

Kiberiti aliirudisha lenzi juu ya kioo.

Fundi cherehani alisogea kwenye kaunta. Aliifunga bodi katika kitambaa chake kwa mkono mmoja, polepole, akatoka. Kiberiti alimkimbilia, akamfikia mbele ya duka la magodoro.

"Kaka, nisikilize..."

"Nimekusikiliza tangu asubuhi." Sauti yake haikupanda, na ingepanda ingekuwa afadhali. "Ulivyokuwa unafoka, mtu angedhani wewe ndiye uliyeungua. Nikasema moyoni, loo, nimepata mtu wa kunisemea. Kumbe." Aliutazama mkono wake. "Daktari anasema vidole viwili havitakunjika kama zamani. Mkasi naushikia wapi? Miguuni?"

"Sikujua kama..."

"Ulijua. Umenieleza mwenyewe pale mezani kwako, fyuzi kazi yake nini. Umenieleza vizuri sana." Akamsukumia bodi kifuani. "Itengeneze. Wanangu wanaogopa hata kuwasha televisheni, wanakaa gizani kama popo. Itengeneze, uje uwaonyeshe wewe mwenyewe. Halafu ndiyo nitakuambia ninalotaka kukuambia."

Akaenda zake.

Nyumbani Kiberiti aliingia kama upepo. Aliipiga stuli teke ikaenda kugonga jokofu. Alimtukana Mhandisi, akaitukana bahasha ya kahawia, akajitukana mwenyewe kwa maneno ambayo mkamwana hayatamki mbele ya mama mkwe. Mama mkwe alifuma mstari mzima, akaukata uzi kwa meno.

"Umemaliza?"

"Bado!"

"Basi nisubiri." Alisubiri. Kisha akauliza, "Hiyo waya, uliweka kwa huyu peke yake?"

Kiberiti alikaa juu ya stuli iliyolala ubavu. Hilo alikuwa analikimbia tangu dukani. Fyuzi zilikuwa zikiisha mara kwa mara. Alianza kuhesabu vidole: mashine ya yule mwalimu, ya yule kinyozi mwenye vijana wanaosubiri zamu, ya wale mapacha... Mkono mmoja ukaisha, akahamia wa pili.

"Tisa," alisema. "Labda kumi."

"Na zote bado ziko majumbani mwa watu?"

"Sijui, mama."

"Sasa hapa unampigia kelele nani? Wenye nyumba hizo hawakusikii."

Siku mbili zilizofuata hakupokea kazi nyingine. Alifuma njia za shaba zilizoungua kwa waya mwembamba, akatoa kapasita iliyokufa na kuweka mpya, akaondoa zile nyuzi tatu za shaba na kuzitia mfukoni mwa aproni. Fyuzi aliweka ya kweli. Aliibadilisha pia pembe ya ganda kwa kukata kipande cha mashine nyingine iliyokufa. Kisha akaiwasha, akaiacha ifanye kazi mchana kutwa, kifuniko wazi, akiigusa kila baada ya dakika chache kama mama anayepima homa ya mtoto. Joto lilikuwa la kawaida. Hilo halikumpunguzia kitu. Kila alipoona picha inacheza vizuri kwenye kioo, alikasirika upya, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Ungekuwa mchana mmoja tu wa Jumatatu ile fyuzi zilipofika.

Ijumaa alikwenda kwa fundi cherehani. Ukuta wa sebule ulikuwa bado na ulimi mweusi wa masizi hadi darini, na dirisha halina pazia. Wale mabinti wawili, mmoja wa miaka kumi na moja na mwingine wa minane, walisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, wameshikana. Mdogo alikuwa na ndoo ya maji.

"Vizuri," Kiberiti alimwambia kuhusu ile ndoo. "Lakini kwa umeme, kwanza chomoa plagi. Maji baadaye. Ukimwagia maji kitu chenye umeme, utakufa wewe kabla ya moto. Umesikia?"

"Usiwatishe wanangu," alisema baba yao.

"Siwatishi. Nawaambia ukweli. Hapa ndani hakuna aliyewaambia ukweli." Akapiga magoti, akaifungua mashine mbele yao, skrubu zote. "Njooni. Njooni muone. Mimi ndiye niliyeharibu hapa. Si baba yenu, si nyinyi kwa kucheza sana. Mimi."

Mkubwa akasogea hatua moja. "Kwa nini uliharibu?"

Kiberiti aliweka bisibisi chini. Angeweza kuitaja amri ya Mhandisi. "Niliambiwa nifanye vibaya nikafanya. Nilikuwa nataka kwenda nyumbani."

Msichana akafikiri. "Hata mimi hesabu huwa naziandika ovyo nikitaka kwenda nyumbani," alisema. "Lakini hesabu haziunguzi mtu."

"Haziunguzi," alikubali Kiberiti, na masikio yakamwaka.

Akawaonyesha fyuzi. Akaiwasha mashine, kisha mbele ya macho yao akaunganisha kwa makusudi sehemu mbili zisizotakiwa kukutana. Tik. Taa ikazimika, feni ikasimama. Mdogo alipiga kelele akamwaga nusu ya ndoo. Halafu kimya. Hakuna moshi, hakuna harufu.

"Imekufa?" aliuliza mkubwa.

"Fyuzi imekufa. Mashine haijafa, na nyinyi hamjafa. Hivi ndivyo ilivyotakiwa kuwa Jumapili ile." Akachomeka pasi ya kulehemu, akaitoa fyuzi iliyokufa, akaweka nyingine kutoka kwenye kibahasha alichokuja nacho. Mkubwa sasa alikuwa amepiga magoti kando yake, anauliza hiki ni nini na hiki ni nini. Mwishowe wasichana wakashika padi zao za kuchezea na kukaa ukuta wa mbali, mbali kadiri waya ulivyoruhusu, na gari jekundu na gari la kijani yakaanza kukimbizana kwenye kioo.

Fundi cherehani alimsindikiza hadi nje.

"Nilisema nitakuambia kitu," alisema. "Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na usije kila wiki kuniuliza. Lakini nataka kujua, wengine uliowawekea waya ni wangapi?"

"Tisa. Majina na simu anazo Mhandisi kwenye daftari lake la wateja. Nilimpigia jana, akasema nataka kumharibia biashara, akakata."

Fundi cherehani alikuna bandeji. "Kesho ni Jumamosi," alisema. "Jumamosi duka lake hujaa saa ngapi?"

Saa nne lilikuwa limejaa. Kiberiti alisimama nje, chini ya kile kibao, safari hii na viatu. Hakutukana mtu. Alisema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara kwamba aliyewahi kutengenezewa mashine ya gemu hapa kati ya mwaka fulani na mwaka fulani asiiwashe, aichomoe, ailete kwake akaguliwe bure, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeziwekea waya mahali pa fyuzi kwa amri ya mwenye duka. Akimaliza, alianza upya. Fundi cherehani alisimama kando yake bila kusema chochote, ameinua mkono wa bandeji hadi usawa wa bega, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Watu waliokuja na vitu vyao walimtazama, wakasoma kibao, wakageuza njia.

Mhandisi alitoka mara ya kwanza akawafukuza. Mara ya pili alisema ataita polisi. "Waite," alisema Kiberiti. "Nao wana watoto wanaocheza gemu." Mara ya tatu, ilipokaribia saa sita, alitoka bila koti jeupe, daftari mkononi, akalitupa kifuani kwa Kiberiti hata hakumtazama.

"Nakili unachotaka uondoke mlangoni kwangu."

Alinakili majina kumi na moja, maana mawili hakuwa na hakika nayo. Mashine ya mwalimu alikuta imeshauzwa, akamfuata aliyeinunua. Ya kinyozi waya ulikuwa umebadilika rangi, mweusi mweusi, na Kiberiti aliutoa huku vijana sita wameketi chumba hicho wakisubiri zamu. Mapacha walikuwa wamehama, akaacha ujumbe kwa jirani, akarudi mara mbili kuuliza kama umefika. Wengine walimshukuru, na hao ndio aliowachukia zaidi, kwa jinsi walivyomkaribisha chai na kumwita mtu mwema, huku akiwa na bisibisi mkononi na nyuzi zake za shaba mbele yao. "Msinishukuru," aliwaambia kwa ukali, wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya miezi miwili alikuwa ametoa waya katika mashine sita. Ya saba ilikuwa ghorofa ya tatu, nyumba ya fundi bomba mmoja, mtu wa mikono mipana. Kiberiti alisimama mlangoni akaeleza kama alivyowaeleza wote, bila kumtaja Mhandisi hadi alipoulizwa. Uso wa fundi bomba ulibadilika taratibu kadiri alivyoelewa. Akageuka kutazama sebuleni, ambako mtoto wa miaka mitatu alikuwa amelala kwenye zulia, kichwa hatua moja kutoka kwenye mashine. Halafu akarudi mlangoni, akaanza.

Alimtukana vizuri. Alimtukana kwa jina la kazi yake, kwa mikono yake, kwa miaka mitatu mtoto wake aliyolala pale. Majirani wakafungua milango. Alimwita muuaji, neno lilelile. Mwanamke ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi mbili za namna hiyo alisimama juu ya kizingiti akasikiliza yote, macho makavu, taya limekaza. Hasira ilikuwemo, lakini mbele yake hapakuwa na mtu wa kumpa.

Fundi bomba alipotua kuvuta pumzi, Kiberiti alifungua mkoba wake wa vifaa.

"Ukimaliza kunitukana," alisema, "mwondoe mtoto pale, unionyeshe soketi ilipo."

Fundi bomba alimtazama kidogo. "Sijamaliza," alisema. Lakini alikwenda, akamnyanyua mtoto, na kwa mguu akausukuma mlango ufunguke zaidi ili apite.